Kifaru Kisicho na Paa

Hakuna kizuri kisicho na ila, na methali hii ilidhihiri katika magari ya kuwinda vifaru waliyoyaunda Wamarekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. M10 ilianza kutoka viwandani mwaka 1942, ikafuatwa na M18 na M36. Kila moja ilikwenda kwa minyororo, ikabeba mzinga mmoja na watu watano. Wawili, dereva na msaidizi wake, walikaa chini, wamefunikwa. Watatu, yaani kamanda, mlenga shabaha na mpakizi wa makombora, walikuwa katika chumba cha mzinga kinachozunguka, na juu ya vichwa vyao hapakuwa na kitu ila mbingu.

Uwazi ule haukuwa usahaulifu wa mafundi. Wakuu wa jeshi walikusudia magari haya yavizie, yapige, kisha yaondoke upesi. Paa ni uzito, na uzito ni adui wa mbio. M18 iliweza kufikia kama kilomita 88 kwa saa barabarani, lakini sehemu kubwa ya bodi yake ilikuwa na chuma cha unene wa milimita 13 tu hivi. Tena, atanguliaye kuona aghalabu ndiye atanguliaye kupiga. Aliyefungiwa ndani ya kifaru huitazama dunia kwa tundu. Wale watatu waliitazama kwa macho mawili, wakasikia injini ya adui nyuma ya kichaka, wakasemezana na askari wa miguu pasi na kufungua kifuniko. Moshi wa baruti ulijiondokea. Na gari likishika moto, waliruka nje, ilhali mwenzao wa kifaru yu bado apapasa njia ya kutokea.

Asubuhi ya tarehe 19 Septemba 1944, karibu na Arracourt nchini Ufaransa, ukungu ulikuwa mzito. Kikosi kidogo cha M18 cha Batalioni ya 704 kilikabiliana kwa karibu na vifaru vya Panther, kikaviharibu kadhaa. Nacho kilipoteza magari yake. Hiyo ndiyo kazi ambayo M18 iliundiwa.

Lakini vita havifuati maandishi ya wakuu. Mara nyingi magari yale yalitumwa kusaidia askari wa miguu, mijini na misituni. Mjini, dirisha la ghorofani lilitosha kwa bomu la mkono au risasi ya mlenga aliyejificha. Katika msitu wa Hürtgen, mwaka huohuo wa 1944, makombora ya Wajerumani yalipasuka kwenye vilele vya miti, vipande vya chuma na vya mbao vikanyesha chini. Ikaja baridi ya Ardennes mwezi wa Desemba, theluji ikaingia walimosimama watu. Baadhi ya vikosi vilijiungia mapaa ya chuma kwa mikono yao wenyewe.

Kulikuwa na ila nyingine. Bunduki ya rashasha ya M10 ilifungwa nyuma ya chumba cha mzinga. Aliyetaka kuielekeza mbele ilimbidi asimame nje. Tarehe 26 Januari 1945, karibu na Holtzwihr, Luteni Audie Murphy, kijana wa miaka 19, alipanda juu ya M10 iliyokuwa ikiwaka moto, akaishika bunduki hiyo akawazuia Wajerumani. Alitunukiwa nishani ya juu kabisa ya nchi yake. Ushujaa ule unasifika, na wastahili; lakini gari halikumkinga vya kutosha aliyeshika bunduki ile.

Baada ya vita, tawi lile la jeshi lilivunjwa, na kazi ya kupambana na vifaru ikaachiwa vifaru vyenyewe, vyenye paa.

Aonaye mbali naye huonekana. Mafundi waliipima biashara hiyo mezani, wakaona ina faida, na yawezekana hesabu yao ilikuwa sahihi. Ila waliopewa macho ndio hao hao walionyimwa paa, wala hapana aliyewauliza wangechagua lipi.