Digadi Moja

Gari langu lilikuwa na kila kitu isipokuwa madigadi ya mbele. Naliita gari, ingawa majirani hapa Katesh waliliita beseni, na mke wangu hakulipa jina lolote. Ni la viti viwili, halina paa, na liko chini kiasi kwamba mbuzi wakipita hunitazama machoni. Nililiunda uani kwa miaka minne baada ya kustaafu ualimu wa Kiswahili. Sakafu, injini na magurudumu ni ya Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa kobe. Bodi ni ya mabati niliyoyakunja mwenyewe kwa nyundo. Kule California, Bruce Meyers alizivalisha sakafu kama hizo bodi nyepesi za faiba, na mtindo wake ukaenea duniani. Mimi faiba sikuwa nayo.

Volkswagen niliichagua kwa ajili ya marehemu baba. Alikuwa mtu wa Mbulu, na katika ujana wake alisimama kando ya njia kuyatazama magari ya mbio za Safari yakihangaika kuupanda mlima wa Magara. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1962 Volkswagen ilishinda. Mwaka uliofuata, kati ya magari 84 yaliyoanza, yalimaliza 7 tu. Baba hakuwa na habari ya hesabu hizo. Alichokumbuka ni kwamba yote yalipita yakiwa na rangi moja, rangi ya tope.

Neno hilo siliandiki kwa wepesi. Tangu alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80, hapa Katesh hakuna anayelitaja tope kwa mzaha. Gari lilikaa miezi mingi bila kuguswa. Nilipolirudia na kulitoa nje siku moja ya mvua, magurudumu ya mbele yalinirushia udongo usoni hata nikasimama katikati ya njia nikijifuta macho kwa kanzu. Tena gari lile bila madigadi halina macho: taa zake kubwa hukaa ndani ya madigadi yenyewe.

Niliyatafuta Babati, nikaambulia matairi. Nikapanda basi kwa njia ya Mbuyu wa Mjerumani, nikaupanda mlima wa baba hadi Mbulu, na huko, nyuma ya nyumba ya mtu, nikalikuta la kushoto. Kuku alikuwa amelitagia. Lilikuwa la aina ya kale, ambayo taa yake imelala nyuma kidogo kama mtu anayetazama mbinguni; zile za mwaka 1968 na kuendelea zina taa iliyosimama wima. La kulia halikuwapo. Nililipia hilo hilo, mwenye nyumba akayahamisha mayai, nami nikashika njia ya Dongobesh na Haydom kurudi nyumbani.

Konda aliniuliza, "Mzee, hilo digadi utalipakata au tuliweke juu?"

Nilinyamaza. Si kwa sababu ya nauli ya mzigo.

Wapenzi wa lugha mtakuwa mmekwishajua nilichokisikia. Neno hili tulilipokea kutoka Kiingereza, na katika Kiingereza hiyo silabi ya kwanza ni sehemu ya neno linalomaanisha tope. Si kiambishi cha wingi. Lakini Waswahili walipoisikia ma- mwanzoni, na kuona kwamba vitu vyenyewe huja viwili viwili, walifanya yaliyo haki yao: wakaihesabu wingi, wakaichopoa, wakapata umoja wake, digadi. Ndivyo kitabu, ambacho ki- yake katika Kiarabu ni sehemu ya shina, kilivyozaa vitabu, na kipilefti kikapata vipilefti vyake. Wataalamu wa ngeli wameufurahia mfano huu kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa na maoni tofauti. Niliwafundisha wanafunzi kwamba neno ni madigadi, umoja na wingi, ngeli ya I-ZI: madigadi hii, madigadi hizi. Niliuita huo usanifu.

Mwaka 1998 kijana mmoja wa Kidatoga aliandika katika insha yake kuhusu digadi la baiskeli ya baba yake. Sikutosheka na kalamu nyekundu. Niliisoma sentensi ile mbele ya darasa, nikauliza kama baiskeli hiyo ina pia "sikini" moja na "skini" nyingi. Darasa lilicheka. Walimwita Digadi mpaka muhula ukaisha, na muhula uliofuata hakurudi shuleni. Sababu za mtoto kuacha shule huku ni nyingi, ng'ombe wakiwamo. Kwa miaka mingi nimejiambia hivyo.

Sasa natazama alichokifanya. Kidatoga hakina ngeli za viambishi kama zetu. Hata Kiiraqw changu, ambacho si ndugu wa Kidatoga, huweka alama ya wingi mwishoni mwa jina. Kijana yule alikuja katika Kiswahili kama mgeni, akaushika ufunguo wa nyumba, akafungua mlango ambao mimi, mwenyeji wa vitabu, niliukuta wazi nikaufunga.

Watu walinielekeza kwa fundi mmoja wa kuchomelea hapa hapa Katesh. Nilimtambua kabla hajaondoa miwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Hakusema zaidi. Alilipokea digadi, akaligeuza, akapitisha kidole katika mkunjo wake. Kazi ya kulitengeneza la kulia kwa kulitazama la kushoto ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Bati hukubali kupinda upande mmoja. Ukilitaka lipinde pande mbili kwa pamoja, kama ganda la yai, ni lazima livutwe au likatwe. Alikata boksi vipande vipande, akavilaza juu ya digadi mpaka vikalifunika, kisha akavigeuza ndani nje, kushoto ikawa kulia. Akavichora juu ya bati la pipa, akakata, akalitia moto lilainike, akaligonga juu ya gogo na mfuko wa mchanga. Siku tatu. Vipande sita vilichomelewa, vikasagwa kwa grinda, vikagongwa tena. Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama, na mara kadhaa nilifungua mdomo.

Siku ya kufunga tulifanya pamoja. Kati ya digadi na bodi huwekwa mpira mwembamba ili vyuma visisagane. Kazi yangu ilikuwa kuushikilia mpira huo usiteleze, yeye akiwa chini na spana namba 13. Hapo, pasipo kuonana nyuso, nikasema:

"Kijana wangu, lile neno nililolisoma darasani—"

"Neno gani, Mwalimu?" Boliti ikakaza robo mzunguko. "Shika hapo juu. Usiachie."

Sijui kama alisahau au alinisamehe, au hakutaka kunipa nafasi ya kujitua mzigo. Nilishika hapo juu.

Alipomaliza alinawa mikono, akatoa kitabu cha risiti, akaandika tarehe na jina langu. Kalamu ikasimama hewani.

"Mwalimu, niandike digadi moja, au madigadi moja?"

Uso wake haukuonyesha lolote.

"Digadi," nikasema. "Digadi la kulia, moja."

Akaandika, akaniambia bei, nikalipa bila kupunguziwa. Washairi wenzangu, kama mtalihitaji: neno hilo lina mizani tatu, na kwa wingi nne, yaani nusu kamili ya kipande cha mizani nane, na vina vya -di si haba.

Taa ya kulia imekaa chini kidogo kuliko ya kushoto. Usiku, barabara ya kwenda Bassotu, moja humulika njia na nyingine humulika miti.