Breki za Mzee: kutoka dramu hadi diski

Najua nimepotea, na wengine mmekuwa mkiniuliza ile makala ya hifadhidata itakuja lini. Itakuja. Leo lakini naandika kuhusu breki. Waliokuja kwa ajili ya programu wanivumilie. Kompyuta zitajitokeza huko mbele, tena kwa aibu yangu.

Mzee wangu ana Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, ya mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2.25. Aliinunua mnadani miaka ya tisini, na tangu hapo imebeba viazi, mbolea, maharusi wawili na jeneza moja. Aliyekulia pande hizi za Nakuru anayajua magari haya. Kila mtu alikuwa na mjomba aliyekuwa nalo, au aliyedai alikuwa nalo.

Julai 2019 Mzee alikuwa anateremka kutoka Mau Narok na magunia ya viazi. Karibu na Likia akakanyaga breki na pedali ikaenda mpaka sakafuni, laini kabisa, kama mguu unaozama kwenye matope. Akapampu. Hakuna kitu. Akashusha gia hadi ya pili, akavuta breki ya mkono, akalipeleka gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto likasugua mpaka likasimama. Hakuna aliyeumia. Lakini Mama alikuwa ameketi kiti cha mbele. Alishuka bila kusema neno, akapanda matatu mpaka nyumbani, na kuanzia siku hiyo akakataa kabisa kuliingia gari lile.

Mtu wa mbali anaweza kuona Mama alizidisha. Sisi wa huku tumeishi na Salgaa na Sachangwan kwa miaka, tunajua lori lililokosa breki linafanya nini. Juni 30, 2023, pale Londiani, lori moja liliacha barabara na kuwaua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara na biashara zao. Habari ile ilipotangazwa, Mama alizima redio akatazama nje dirishani, ambapo Land Rover ilikuwa imefunikwa turubai.

Mzee alikuwa na hukumu yake: "Ni hizi dramu." Mimi, kama kawaida ya watu wa kompyuta, niliingia kwenye intaneti, nikasoma usiku tatu, nikatoka na hukumu ileile ila kwa maneno mengi zaidi. Tuweke diski. Nikanunua vitu kutoka kwa Discovery moja iliyokuwa inakatwakatwa: kalipa, diski na habu za mbele. Desemba 2024 tukalivuta gari mpaka kwa fundi wetu Kaptembwo.

Kwa wasiojua tofauti, nieleze kidogo. Dramu ni kama sufuria iliyofungwa kwenye gurudumu. Ndani yake kuna vipande viwili vya umbo la mwezi mchanga, mafundi wanaviita shuu. Ukikanyaga, mafuta ya breki yanasukuma shuu zisugue sufuria kwa ndani. Utamu wake ni huu: dramu ikizunguka inaivuta shuu ya mbele na kuibana zaidi, yaani gari linakusaidia kujisimamisha. Kwenye hii ya inchi 109, shuu zote mbili za magurudumu ya mbele zimepangwa hivyo. Ndiyo maana inasimama vizuri ikienda mbele, na ndiyo maana ikirudi nyuma mlimani unaanza kusali, kwa sababu msaada ule unageuka kinyume. Kasoro nyingine ni joto na maji. Ukiteremka sana dramu inapata moto na kupanuka, inazikimbia shuu. Ukivuka mto inajaa maji na tope. Na vumbi! Jina Nakuru lenyewe linasemekana ni la Kimaasai, mahali pa vumbi. Lote huishia ndani ya sufuria ile.

Diski iko wazi. Pedi mbili zinaiminya kutoka pande zote mbili, joto linapeperuka, maji yanarushwa nje. Kampuni yenyewe iliiweka Range Rover diski kwenye magurudumu yote manne tangu 1970, lakini hizi za wakulima zikaendelea na dramu mpaka One Ten ilipotoka 1983 na diski mbele.

Basi nikamweleza fundi haya yote. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ukiwa na kikombe cha uji.

"Injinia," akaniambia (ananiita hivyo tangu aliposikia nafanya kazi ya kompyuta, na sidhani ni sifa), "siku ile gari ilikosa breki ama ilikosa mafuta?"

Sikumwelewa. Akapiga jeki, akavua gurudumu la nyuma kushoto, akavua dramu. Ndani kulikuwa kumelowa. Mpira wa silinda ndogo ya gurudumu ulikuwa umekatika na mafuta yote yalipitia hapo. Kisha akanionyesha kwenye masta silinda. Bomba moja linatoka, linagawanyika, linakwenda magurudumu yote manne.

"Dramu haikumkosea Mzee. Hata ungekuwa na diski nne, tundu moja hapa nyuma, zote zimekufa."

Wasomaji, nilitamani ardhi inimeze. Miaka kumi nimekuwa nikiwahubiria vijana wasiweke kila kitu kwenye seva moja. Nimewahi kugombana na bosi kuhusu jambo hilo. Na hapa nilikuwa nimetumia pesa kubadilisha sehemu inayoonekana, huku ile iliyokaribia kuwaua wazazi wangu nimeiacha palepale. Kilichowaokoa siku ile ni breki ya mkono, ambayo kwenye magari haya haigusi mafuta kabisa. Inavutwa kwa vyuma, na dramu yake ipo nyuma ya gia-boksi, inashika shafti. Dramu, tena!

Tukakubaliana hivi: mbele diski, kwa sababu ya mito, matope na miteremko (na kwa sababu nilikwisha nunua, tusidanganyane). Nyuma dramu zibaki, zipate silinda mpya. Na masta silinda iwe ya njia mbili, mbele mafuta yake na nyuma mafuta yake.

Kazi ya chuma ilichukua wiki mbili na sitaieleza yote. Niseme tu kwamba fundi alikataa katakata kuchomelea mabano ya kushikia kalipa. Alitaka yakatwe kutoka kipande kimoja cha chuma kinene. Nilimwona mchelewaji, sasa namshukuru.

Kosa la pili lilikuwa langu pia. Nilipata masta silinda ya njia mbili kwenye duka moja la spea kuukuu, bei nafuu, muuzaji akaapa inaingia. Kuingia iliingia. Fundi akaigeuzageuza, akauliza ilitoka gari gani. Nikasema njia mbili ni njia mbili, tuifunge.

Tukatoka kwenda Njoro kuijaribu. Jambo la kwanza, pedali ilikuwa ngumu kama kukanyaga jiwe. Diski haina ule msaada wa kujibana, nguvu yote inatoka mguuni kwako. La pili, kabla hatujafika mbali nikasikia harufu ya kuungua. Tukasimama. Magurudumu yote mawili ya mbele yalikuwa yanatoa moshi na mguu wangu haukuwa kwenye breki.

Fundi akasubiri yapoe kidogo, akainua gurudumu moja. Halizunguki. Akalegeza nati ya kutolea hewa kwenye kalipa, mafuta yakaruka, gurudumu likazunguka huru. Hapo ndipo nikajifunza kitu ambacho hata zile usiku tatu hazikunifundisha. Masta silinda nyingi za magari ya dramu zina vali ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye bomba hata ukiachilia pedali, takriban pauni 10 kwa inchi ya mraba. Kwenye dramu haina madhara, springi za shuu zina nguvu kuishinda. Kalipa haina springi ya kurudisha. Presha ileile ndogo inazifanya pedi ziendelee kuisugua diski mpaka moto uwake. Kifaa kilikuwa kizima, kikifanya kazi yake sawasawa kwa mfumo mwingine.

Mara hii nikafunga mdomo na kumwacha fundi atafute. Alikuja na masta silinda pamoja na busta yake kutoka Defender 110 ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo kiwandani ilitoka na diski mbele na dramu nyuma, kama tulivyokuwa tukijenga sisi. Busta inatumia mvuto wa hewa wa injini. Ya petroli unachukua kwenye manifoldi, ya dizeli ingehitaji pampu yake. Wa pwani mtapata faida zaidi: Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, presha ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na busta inaishi kwa tofauti hiyo. Hata hivyo pedali ililainika vya kutosha.

Jumamosi ya mwisho Mama alikuja mwenyewe Kaptembwo. Hatukumwita. Fundi akamwekea kiti, akamwomba Mzee apande, awashe, akanyage breki kwa nguvu. Kisha akaifungua makusudi nati ya kalipa moja. Mafuta yakamwagika chini, pedali ikashuka nusu nzima. "Sasa endesha, Mzee, polepole, halafu simama." Mzee akaenda hatua kama thelathini kwenye uwanja, akakanyaga. Gari likasimama kwa breki za nyuma peke yake. Halikusimama kwa haraka, lakini lilisimama.

Mama akatazama lile dimbwi la mafuta.

"Na hizo za nyuma zikikufa pia?"

"Hapo, Mama," fundi akasema, "unabaki na handbreki na Mungu."

Akacheka, mara ya kwanza nimemsikia akicheka karibu na gari lile. Tukafunga nati, tukajaza mafuta, tukatoa hewa magurudumu yote upya. Jioni Mzee akaliendesha mpaka Njoro na kurudi. Mama alikaa mbele, mkoba magotini, dirisha amefunga kwa sababu ya vumbi.

Imebaki kelele moja. Pedi ya mbele kulia inalia kama ndege kila tukikaribia kusimama. Nimeshanunua grisi ya kuitibu, lakini Mzee ananikataza kuigusa. Anasema Mama akiisikia ndipo anaachilia mshikio wa mlango.