Sauti ya Mama Makinda Ilipofika Mtera

Mwaka 1988, mitambo ya bwawa la Mtera yenye uwezo wa megawati 80 ilipoanza kuzalisha umeme, mwandishi wa kumbukumbu hii alikuwa binti mdogo upande wa Dodoma wa bwawa hilo. Umeme ulipita kwenye nguzo ndefu ukienda mijini. Nyumbani kwao waliendelea na kibatari. Kilichowaunganisha na nchi ni redio ya betri. Baba yake hakukosa taarifa ya habari, na Bunge lilipokaa aliiweka redio juu ya kigoda, akataka kimya.

Spika wa wakati huo alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mtu wa Kalenga, Iringa, ng'ambo ya maji, na wazee wa Mtera walimhesabu kama jirani. Mtoto aliyekua akisikiliza redio ile aliamini, bila kufundishwa na mtu, kwamba kuamua nani azungumze na nani akae chini ni kazi ya mwanamume.

Ufukweni mambo yalikuwa hivyohivyo. Wanaume walimiliki mitumbwi na nyavu. Wanawake waliwasubiri alfajiri, wakapatana bei ya perege na kambale, wakapaa magamba, wakakaanga kwenye karai kubwa, kisha wakabeba mabeseni kichwani hadi barabara ya Dodoma–Iringa kuwauzia abiria wa mabasi. Ada ya shule na daftari zilitoka kwenye mafundo ya khanga zao. Ila mkutano wa kijiji ulipoitwa, walikaa nyuma kabisa, na yule aliyethubutu kusimama alianza kwa kuomba radhi.

Hata hivyo, mlango ulikuwa umeshaanza kufunguliwa zamani. Bibi Titi Mohamed na Lucy Lameck walikuwa wamesimama kwenye majukwaa ya siasa tangu enzi za kudai uhuru. Mwaka 1975 Tabitha Siwale na Julie Manning wakawa wanawake wa kwanza kuwa mawaziri kamili nchini. Mwaka huohuo binti wa Njombe mwenye umri wa miaka 26, Anne Makinda, aliingia bungeni kwa mara ya kwanza.

Safari yake ndiyo inayoonyesha mabadiliko yalivyokwenda, kwa sababu hakurukishwa ngazi hata moja. Alipitia uwaziri. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe, aligombea jimbo la Njombe Kusini akalishinda, akalishika miaka 20. Mwaka 2005 akawa Naibu Spika chini ya Samuel Sitta. Tarehe 12 Novemba 2010, mjini Dodoma, wabunge walimchagua kuwa Spika, mwanamke wa kwanza katika historia ya Tanzania kukikalia kiti hicho.

Katika miaka hiyohiyo viti maalumu vya wanawake viliongezeka kutoka 15 mwaka 1985 hadi kufikia kiwango cha asilimia 30 kilichowekwa kwenye Katiba mwaka 2005. Vilisemwa vibaya, na bado vinasemwa: eti ni ubunge wa kupewa. Lakini bila viti hivyo, wanawake wengi wasingepata mahali pa kujifunzia kanuni, kamati na hoja.

Wakati Mama Makinda anachaguliwa, mwandishi alikuwa mtu mzima, na pale barabarani palikuwa na mgahawa wenye televisheni. Siku moja, saa tatu asubuhi, Spika aliingia na joho lake, wabunge wote wakasimama, akasoma dua. Kisha: "Katibu, tuendelee." Wavuvi waliotoka majini na wapiga debe waliacha vikombe vya chai mezani. Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, aliona mbunge akikatishwa na kuambiwa muda wake umekwisha, akageuka kwa mama muuza samaki aliyekuwa mlangoni.

"Mama, umemwona mwenzenu? Amemkalisha mheshimiwa."

"Nimemwona, baba. Na amekaa."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na aliyeisikia kauli ile hajaisahau.

Kisha likaja jambo lililoigusa Mtera yenyewe. Mwaka 2011 mvua zilikuwa haba, kina cha bwawa kilishuka, na nchi ikaingia katika mgawo mkali wa umeme. Mwezi Julai bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilifikishwa bungeni, na wabunge wa pande zote wakaikataa. Aliyewasha moto alikuwa mwanamke wa jimbo: Beatrice Shellukindo, mbunge wa Kilindi, aliyesimama na kuieleza barua ya wizara iliyozitaka taasisi zake zichangie fedha ili bajeti ipite. Serikali ikaomba muda, bajeti ikaondolewa, ikarudishwa Agosti. Pale mgahawani watu walisikia maji yao yakijadiliwa, mwanamke akihoji, katika Bunge linaloongozwa na mwanamke, na mjadala wao ulikuwa juu ya umeme na fedha. Hakuna aliyeuliza wanawake hao wamefikaje pale. Hapo ndipo mwandishi alipoona kwamba kitu kimebadilika kwelikweli.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 2014, katika ukumbi uleule wa Bunge mjini Dodoma, Samia Suluhu Hassan alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba. Yeye naye alianzia viti maalumu katika Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000, na mwaka 2010 akashinda jimbo la Makunduchi. Mwaka 2015 akawa Makamu wa Rais, na tarehe 19 Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais. Dkt. Tulia Ackson alichaguliwa Spika Februari 2022, na Oktoba 2023 akawa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika nafasi hiyo.

Kwenye mikutano ya kijiji sasa wanawake wanakaa mbele wakitaka, na wanahoji mapato na matumizi bila kuomba radhi kwanza. Sehemu ya ujasiri huo waliupata kwenye redio na televisheni, kwa kusikia sauti kama yao ikitoa amri na amri ikafuatwa.

Limebaki moja. Jimbo lililobeba jina la Mtera lilikuwa la John Malecela hadi 2010, na katika chaguzi za 2010 na 2015 likaenda kwa Livingstone Lusinde. Wote ni wanaume, na kuwachagua ilikuwa haki ya wapiga kura. Lakini wanawake wanaojua bei ya samaki, kina cha maji na deni la kila kaya wapo, tena ni wengi. Msimu wa kura za maoni ukirudi, wachukue fomu ya jimbo, wasiishie ya viti maalumu. Nasi wapiga kura tuwapime kwa kazi waliyokwisha kuifanya, kisha tuwape kura.