Mama wa Kona Baridi

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hivyo ndivyo nilivyoianza hadithi yangu ya kutisha muhula uliopita, na wanachama wote wa Chama cha Kiswahili wakanyamaza kama maji ya mtungini. Ndugu msomaji, usiitafute hadithi hiyo katika jarida hili. Niliiondoa mwenyewe, na Mhariri akaninunia wiki nzima kwa kuwa kurasa zilikuwa zimekwisha kupangwa. Ngoja nikueleze kisa na maana.

Kwetu ni Kona Baridi. Aliyepaita hivyo hakukosea. Alfajiri nikingoja matatu ya kunileta shuleni, upepo wa mbugani hupenya sweta hadi kwenye mifupa, na malori hunipita na kuniachia moshi.

Kila makanga wa njia hiyo anaijua habari ya mama wa kona. Eti usiku wa manane husimama kando ya lami, amejitanda shuka jeupe, mkononi ana mtungi wa maziwa. Huinua mkono kuomba lifti. Dereva akisimama, haoni mtu. Asiposimama, akitupa jicho kwenye kioo anamwona ameketi nyuma kimya! Lori likipinduka, watu hutikisa vichwa na kusema, "Ni yule mama tu." Mimi nilichukua habari hiyo nikaitia chumvi. Nikampa kwato za punda, kama wale majini wanaosimuliwa kule Mombasa.

Siku niliyoisoma, wasichana walipiga mayowe na wavulana wakajifanya wanakohoa. Nilikuwa nimevimba kichwa, sikatai. Nilipofika kwenye kwato, msichana mmoja wa darasa letu aliinuka akatoka nje bila kuomba ruhusa. Nikajisemea moyoni, huyu nimempata barabara, ameogopa mpaka amekimbia.

Nilimkuta baadaye karibu na tangi la maji.

"Ule mtungi ulikuwa wa rangi gani?" akaniuliza.

"Wa manjano," nikajibu. Ndivyo makanga husema.

"Basi huyo ni mamangu."

Nilipigwa na butwaa. Akanieleza polepole, macho yake yako chini. Mama yake alikuwa akiuza maziwa pale konani. Jioni moja, yeye mwenyewe akiwa darasa la nne, lori lilimgonga na halikusimama. Baada ya mazishi alipelekwa Isinya kukaa na shangazi yake, ndiyo maana sikuwa nikijua kama tulikuwa majirani. "Na shuka lake lilikuwa jekundu," akasema. "Jeupe ni lile walilomfunikia."

Sikuwa na la kusema. Niliomba msamaha, lakini msamaha wenyewe ulitoka kama kikohozi.

Jumamosi nilikwenda kwa Koko, ajuza jirani yetu anayenunua sukari kwenye kibanda cha mama. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini, kisha nikamuuliza kama ni kweli pale pana mzuka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema zamani Wamaasai hawakuwa wakichimba makaburi ovyo. Aliyezikwa ni laibon au mzee mkubwa. Wengine walilazwa nyikani wakaachiwa fisi, na jina la marehemu halikutajwa tena nyumbani kwake.

"Wewe unasoma," akaniambia. "Hujasikia habari za Emutai?"

Nilikuwa nimeisikia kwa mwalimu wa Historia. Ni miaka ile ya kati ya 1883 na 1902, wakati maradhi ya mapafu na sotoka yalipomaliza ng'ombe, kisha ndui na njaa vikamaliza watu.

"Basi kama wafu husimama njiani kuomba lifti, nyika hii yote ya Kaputiei ingejaa watu mpaka ng'ombe wakose pa kupita. Mbona hatumwoni hata mmoja? Huyo wenu, mtoto wangu, amekuja na lami."

Maneno hayo yaliniganda kichwani. Kwenye maktaba yetu kuna nakala ya *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, kitabu kilichotolewa mwaka 1960. Mle tajiri anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, na watu wanatetemeka. Bwana Msa hatetemeki. Anavuta kiko chake na kuwauliza maswali walio hai. Nikawaza, je, angeshuka kwenye matatu hapa kwetu angeuliza nini? Nadhani angeuliza habari za breki. Angeuliza lile lori lilikuwa likikimbia kiasi gani, na dereva alikwenda kulala wapi usiku ule. Hapo ndipo nilipoona jinsi hadithi yangu ilivyowafaa madereva. Mama aligongwa akafa, na bado kila lori linalopinduka anasingiziwa yeye!

Jumatatu nilimwambia yule mwenzangu kwamba hadithi nimeiondoa, na kwamba nitawakanya makanga wote wasiisimulie tena. Hakujibu. Ijumaa akaniambia anataka kupaona mahali penyewe, kwa maana hajakanyaga pale tangu siku zile. (Ruhusa ya kuandika haya amenipa yeye. Jina lake na la mama yake nisitaje, na sitaji.)

Tulisimama konani giza likianza kuingia, meno yakigongana kwa baridi. Lori likatokea upande wa Kajiado. Lilipokaribia kona likapunguza mwendo, likapiga honi mara mbili, likapita taratibu. Likaja la pili, nalo likafanya vivyo hivyo.

"Wanampigia nani honi?" akauliza.

"Yeye," nikasema. "Wanamwogopa."

Alinyamaza mpaka taa nyekundu za lori zikapotea.

"Basi waache makanga waseme," akasema. "Wakiogopa wanapunguza mwendo. Lakini zile kwato zako, toa."