Leonardo Vinci na Lugha ya Nyumbani

Atafutaye habari za Leonardo Vinci hukutana kwanza na mchoraji Leonardo da Vinci, aliyefariki mwaka 1519, na wengi huishia hapo wakaridhika. Nimwandikaye mimi ni mwingine: mtunzi wa muziki aliyezaliwa Strongoli, katika Calabria, mwishoni mwa karne ya kumi na saba, akafia Napoli mwaka 1730. Sifa za mchoraji zimemfunika kama mbuyu ufunikavyo mche. Hata hivyo, mche huo ulizaa tunda ambalo sijachoka kulionja.

Alisomea Poveri di Gesù Cristo, moja katika shule nne za Napoli zilizoanza kwa kulea yatima na maskini, kisha zikatoa waimbaji na watunzi walioenea Ulaya. Siku zile opera tukufu ilikuwa ya wafalme na mashujaa wa kale, nayo iliimbwa kwa Kiitalia cha Toscana, lugha ya vitabu. Lugha ya Napoli ilikuwa ya sokoni, jikoni na bandarini. Mwaka 1709 ukumbi wa Fiorentini ulianza kuonyesha opera za kuchekesha kwa lugha hiyo. Vinci aliingia humo mwaka 1719 na Lo cecato fauzo. Mwaka 1722 akaleta Li zite 'ngalera, kwa maneno ya Bernardo Saddumene. Katika opera za jinsi hiyo, hii ndiyo ya kale kuliko zote ambazo muziki wake umetufikia kwa ukamilifu.

Kisa chake chachekesha. Belluccia, aliyeachwa na Carlo, anavaa nguo za kiume na kumfuata hata Vietri, mji wa pwani. Carlo huko ametekwa na Ciommetella. Ciommetella naye ametekwa na yule kijana mgeni, asijue kuwa ni mwanamke. Ajuza Meneca aliimbwa na mwanamume. Lakini Belluccia aimbapo machungu yake, muziki haumcheki. Humpa sauti nyofu, ala zikimsindikiza kwa adabu, kana kwamba yeye ni malkia.

Hapo ndipo jambo hili linaponigusa. Nimelelewa katika Kimvita. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na insha hii yenyewe ni tunda la uamuzi huo, siubezi. Lakini darasani mwalimu mmoja alituambia kuwa lahaja yetu yafaa mzaha tu. Muyaka wa Mombasa alikwisha kumjibu zamani kwa mashairi yake. Vinci aongeza jibu la pili: hata huo mzaha si kitu duni. Mtu huchekwa vema na wale wamjuao, na hulia kwa maneno aliyoyasikia kwa mamaye. Lugha iwezayo kicheko na kilio kwa pumzi moja imepungukiwa na nini?

Yuko atakayesema kwamba Vinci mwenyewe alihama. Ni kweli: tangu mwaka 1722 aligeukia zaidi opera nzito, na mwaka 1730 Artaserse yake, kwa maneno ya Metastasio, ilionyeshwa Roma. Kwangu mimi hakuhama mikono mitupu. Unyofu wa sauti aliouzoea Fiorentini nausikia hata katika vinywa vya wafalme wake.

Wala mbegu haikufa naye. Mwaka 1733 Pergolesi, aliyetoka katika shule ile ile, alitoa La serva padrona, kisa kifupi cha mtumishi wa kike anayemshinda bwana wake kwa akili. Kilipoimbwa Paris mwaka 1752, wenye elimu waligombana kwa vijitabu juu ya muziki wa Kiitalia na wa Kifaransa. Kicheko kilichodharauliwa kilikuwa sasa kinasumbua mabingwa. Basi anayetaka kupima lugha asiipime kwa ukubwa wa watawala waliomo katika nyimbo zake. Na asikilize kwanza jinsi inavyowaheshimu wadogo.