Kilimambogo na Maporomoko ya Athi

Mashariki ya Thika, juu ya nchi tambarare, umesimama mlima mmoja peke yake. Wamasai waliuita Ol Donyo Sabuk, maana yake mlima mkubwa. Lakini jina la Kilimambogo ndilo lisemalo kweli zaidi, kwani mbogo wangalimo, na msitu huwaficha hata wawe hatua chache tu mbele ya mtu. Kwa hiyo mpandaji mwenye busara hufuatana na askari wa hifadhi, ajapokuwa na miguu hodari kuliko huyo askari.

Njia ni ya udongo, yapata kilomita 9 kutoka langoni, nayo hupanda hadi mita 2,145. Ukali wake washuhudiwa na kaburi la Sir William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka wa 1925. Alitaka azikwe kileleni, lakini gari lililochukua jeneza lilishindwa kupanda, akazikwa chini yake. Hapo wapandaji wengi hupumzika, na wengine, tusiwalaumu, hurudi.

Aliyeanza alfajiri hupata wasaa wa kushukia mto Athi, penye Maporomoko Kumi na Manne. Wakati wa kiangazi mikondo yaweza kuhesabiwa mmoja mmoja. Mto ukifurika, yote huwa poromoko moja lenye ngurumo, na mawe ya kuvukia hayaonekani tena. Siku hiyo mgeni na atazame akiwa ukingoni. Wala asinywe maji yake, maana mto Nairobi umekwisha kumwaga humo taka za mji. Kibuyu kijazwe nyumbani.