Nauli ya mzigo ni ya nani?

Mimi ni mama mshonaji wa Kakuma 1. Shule zilipokaribia kufunguliwa, kichwa cha cherehani yangu kikavunjika, na sare za watoto wa watu ziko mezani, zingine nimeshakula advansi.

Nikaona kwa Facebook muuzaji wa Nairobi: kichwa shilingi 6,500, "tunatuma popote Kenya". Nikatuma pesa yote kwa M-Pesa. Siku ya tatu akapiga: "Mama, mzigo uko Lodwar. Uende na 900 ya basi."

Lodwar! Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 100, na sisi wakimbizi hatutoki kambini bila kibali. Nikamwambia, "Si uliandika popote?" Akajibu, "Niliandika tunatuma, mama. Sikuandika bure."

Hapo nilinyamaza. Kweli hakuandika bure, ni mimi nilisoma hivyo. Lakini na yeye alijua kile chuma ni kizito, na basi linatoza kwa uzito. Mbona hakusema mapema?

Tulibishana siku mbili, huku wazazi wanapiga hodi. Mwishowe yeye akalipa 500 na mimi 400, tena nikaongeza 300 ya matatu ya kukileta hapa. Ile faida ya sare ikaishia barabarani.

Siku hizi kabla ya kulipa nauliza: nauli ni ya nani, mzigo unashukia wapi, na ukifika mbovu nani atalipa kuurudisha? Wengi hilo la mwisho hawajibu. Hao siwatumii kitu.